Shajara ya mradi: kuandaa kliniki ndogo ya meno kwa wagonjwa wa presha, sukari na moyo, na kwa dharura za kitini

Kliniki yetu iko Tanga mjini: viti viwili, madaktari wa meno wawili, muuguzi, msaidizi wa kiti na dada wa mapokezi. Hospitali ya mkoa, Bombo, si mbali kwa bajaji. Miaka ya nyuma wengi waliokuja hapa walikuwa vijana wenye jino bovu na afya njema. Siku hizi wanaletwa wazee wenye presha na kisukari kwa pamoja, watu wanaotumia ARV, waliobadilishiwa valvu za moyo, watoto wenye selimundu. Jino ni lile lile, lakini mwenye jino amebadilika.

Naandika ili wenzetu wenye kliniki za ukubwa huu wachukue kinachowafaa na wasirudie hasara zetu. Dozi zote ni za mtu mzima. Zihakikini kwa mwongozo mnaoufuata kabla ya kuzibandika ukutani.

11 Januari 2025: Sanduku lililokuwepo

Sanduku la huduma ya kwanza lilikuwa juu ya kabati kwenye chumba cha kusafishia vifaa. Ndani tulikuta bandeji nyingi, spiriti, haidrokotizoni iliyokwisha muda na ampuli chache za adrenalini. Tarehe ya adrenalini ilikuwa bado, ila dawa yenyewe ilishageuka rangi ya chai ya rangi. Adrenalini nzima haina rangi kabisa. Ikianza kuwa ya pinki au kahawia imeharibika, hata kama tarehe inasema bado.

Chanzo kilionekana tulipoinua macho: kabati liko juu ya autoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwenye vifaa kwa mvuke. Kila inapofunguliwa, mvuke unapanda palepale. Joto la Februari hapa Tanga halihitaji kusaidiwa na autoklevu. Sanduku jipya litakaa chumba cha viti, chini, kwenye kivuli, mahali ambapo kila mtu analiona akiwa amesimama kitini.

Kuhusu cha kuweka ndani, tulianza na orodha ya Uingereza ambayo madaktari wengi wa meno huinakili: adrenalini, aspirini, dawa ya kupulizia chini ya ulimi kwa maumivu ya moyo, salbutamoli, glukosi ya kunywa, glukagoni ya kupandisha sukari, midazolamu ya kuweka shavuni kwa kifafa, na oksijeni. Glukagoni na midazolamu ya shavuni hatukuzipata kwenye famasi tulizozunguka. Badala ya kusubiri, tumeweka dekstrosi ya 50% na diazepamu, kwa sharti kwamba anayezigusa ni muuguzi au daktari anayejua kuweka kanula (mrija mdogo wa mshipani).

25 Januari: Fomu ya afya imeshindwa

Tulichapa fomu ya ukurasa mmoja yenye visanduku: presha, kisukari, moyo, pumu, kifafa, mzio, ujauzito, VVU. Mgonjwa anaweka alama mwenyewe akisubiri. Baada ya wiki mbili tukazipitia zote. Kwa fomu zile, Tanga nzima ni wazima wa afya. Hata mzee mmoja ambaye mimi mwenyewe namfahamu anahudhuria kliniki ya sukari alikuwa ameweka "hapana" kuanzia juu hadi chini.

Dada wa mapokezi ndiye aliyetueleza, kwa kuwa watu humwambia yeye yasiyofika kitini. La kwanza, imeenea mitaani kwamba mtu wa presha hang'olewi jino. Kwa hiyo anayeweka alama ya "ndiyo" anajua atarudishwa nyumbani na maumivu yake, naye amekuja kwa bajaji ya kukopa. La pili, mtu akinywa dawa na presha ikatulia, anahesabu kwamba hiyo presha hana tena. La tatu ni la faragha: nani ataweka alama ya VVU kwenye karatasi huku jirani yake wa benchi anachungulia?

Hakuna tatizo hata moja kati ya haya ambalo fomu nzuri zaidi ingelitatua. Fomu tumeiondoa kwenye benchi.

15 Februari: Maswali mapya

Tumebadilisha mambo matatu. Tumebandika tangazo mapokezi: "Mwenye presha, sukari au moyo anatibiwa hapa. Tuambie ili tukutibu kwa usalama." Anayepigiwa simu ya miadi anaambiwa aje na dawa zake zote kwenye mfuko, pamoja na kadi ya kliniki, na ale na anywe dawa zake kama kawaida. Mahojiano sasa yanafanyika kitini, mlango ukiwa umefungwa, na swali la dawa linaulizwa hata kwa aliyesema hana ugonjwa.

Siku ya pili tu tukaona tofauti. Bibi mmoja alikuja na gego la chini limemsumbua wiki nzima.

"Shikamoo bibi. Una maradhi mengine yoyote?"

"Sina, mwanangu. Ni hili jino tu."

"Na dawa je, ipo unayokunywa kila siku?"

Akafungua pindo la kanga, akatoa vipande viwili vya dawa vilivyokatwa kwa mkasi: amlodipini na glibenklamidi. "Ninazo hizi. Hii ya presha leo sijanywa, wala sijala kitu. Nilijua nakuja kung'olewa. Hii ndogo nilikunywa alfajiri."

Presha 192/104. Sukari 3.6, imeshuka. Hapo ndipo ilipokuwa dharura yetu, ingali imekaa inatuamkia. Glibenklamidi inaendelea kushusha sukari saa nyingi baada ya kumezwa, na tumbo lilikuwa tupu. Tungempiga ganzi, angeweza kulegea na kutoka jasho, nasi tungesema "ameogopa sindano". Alipewa chai ya sukari na mkate, sukari ikapimwa tena baada ya dakika 15, akapewa parasetamoli na kuambiwa anywe dawa yake ya presha. Alirudi baadaye akiwa na 158/90 na jino likatoka bila neno.

Mipaka tuliyojiwekea: presha ikifika 180/110, kazi isiyo ya haraka inasubiri na mgonjwa anaandikiwa barua kwa daktari wake. Kabla ya kuamua tunapima mara mbili, amekaa dakika tano, haongei, mkono uko usawa wa moyo. Sukari chini ya 4 hakuna sindano hadi ipande. Kwa mgonjwa wa moyo, ganzi yenye adrenalini ya 1:100,000 haizidi katriji mbili (vichupa vidogo vya ganzi), na lazima uvute bomba nyuma kwanza kuhakikisha hujaingia kwenye mshipa wa damu. Kumnyima ganzi ya kutosha kwa kuhofia adrenalini hakumsaidii. Maumivu yatamfanya mwili wake utoe adrenalini nyingi kuliko ile ya katriji.

Hasara ya mwezi: kipimo cha presha cha kuvaa kwenye kifundo cha mkono, shilingi 35,000. Mgonjwa akishusha mkono kinasoma hivi, akiuinua kinasoma vile. Tumenunua cha mkono wa juu chenye mikanda ya saizi mbili. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unapandisha namba, na mikono minene tunayo.

8 Machi: Ramadhani

Nusu ya wagonjwa wetu wamefunga. Wenye kisukari wanaomeza dawa wakati wa daku huwa hatarini zaidi alasiri, kuelekea futari. Ratiba yetu ya zamani iliwaweka wazee saa tisa mchana, jua likipungua makali. Tumeigeuza: wenye kisukari wanaofunga wanapewa nafasi za kwanza asubuhi, au baada ya futari siku tunazofungua usiku. Kung'oa kusiko na haraka tunakusogeza hadi baada ya Idi, mgonjwa akiridhia.

Swali la kama sindano ya ganzi inafunguza tunawaachia mashehe wao, na wengi huja wameshauliza. Letu ni moja, nalo tunalisema mapema: sukari ikishuka, utakunywa, funga italipwa siku nyingine. Mzee mmoja alitujibu kwamba hilo analijua kabla ya sisi kuzaliwa.

Jambo dogo lililotusumbua: vipande vya kupimia sukari vilianza kutoa "Error" mfululizo. Kopo lilikuwa linaachwa wazi kwenye meza, na unyevu wa pwani ukaingia. Vipande vilivyobaki vimetupwa. Sasa kopo linafungwa papo hapo. Tunafuta pia kidole kwa maji kabla ya kutoboa, maana mtu aliyetoka kumenya embe atakupa sukari ya embe.

29 Machi: Sanduku jipya

Dawa zilipatikana. Kilichotushinda ni mpangilio. Tulizipanga kwa herufi, kama famasi. Kwenye zoezi la kwanza muuguzi alishika ampuli ya adrenalini kwa haraka nzuri tu, kisha akabaki anatafuta bomba la sindano. Bomba la ganzi la meno halifai hapa: ni la katriji, na sindano yake ni nyembamba mno kwa msuli wa paja. Mabomba ya kawaida yalikuwa stoo, na mwenye ufunguo wa stoo alikuwa ameenda kuswali.

Tumepanga upya kwa tukio. Kila tukio lina mfuko wake wa plastiki unaoonekana ndani, wenye jina kubwa na kila kinachohitajika:

MZIO MKALI: ampuli ya adrenalini ya 1:1000, bomba la mililita 1 na sindano ya geji 23 vimefungwa pamoja kwa plasta. Nusu mililita, yaani miligramu 0.5, kwenye msuli wa paja kwa nje, hata kupitia nguo. Inarudiwa kila dakika tano kama hajapata nafuu.

KIFUA KINABANA: aspirini miligramu 300, atafune. Dawa ya kupulizia chini ya ulimi.

PUMU: salbutamoli na chupa ya maji ya plastiki ya nusu lita. Chupa hii si mzaha. Watafiti wa Afrika Kusini walishaonyesha kuwa chupa ya mililita 500 iliyotobolewa kitako kwa saizi ya mdomo wa pampu inafanya kazi sawa na kifaa cha kununua. Unatoboa kwa waya wa moto ili pampu iingie ikibana, unaziba pembeni kwa plasta. Mpulizo mmoja kwa wakati, avute pumzi mara kadhaa, kisha mwingine, hadi kumi.

SUKARI IMESHUKA: glukosi ya unga na soda ya kawaida, kwa aliye na fahamu tu. Soda ilikuwa inanywewa na sisi wenyewe. Imeandikwa kwa kalamu nyekundu, na bado inabidi kuihesabu.

KIFAFA: karatasi tu, kwa sababu kinachohitajika zaidi ni kutofanya mambo. Toa vyombo mdomoni, shusha kiti, zuia asianguke, angalia saa. Usimwekee kijiko kwenye meno. Ikipita dakika tano ndipo diazepamu na gari.

Kuzimia hakuna mfuko. Kiti kinalazwa na miguu inainuliwa, basi. Mjamzito analazwa kwa ubavu wa kushoto, maana akilala chali mtoto anagandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu.

3 Mei: Oksijeni

Huku ndiko fedha nyingi zilikoenda. Kwanza tulipewa kwa bei nzuri mtungi mkubwa wa hospitali uliotumika. Haukuweza kupita kati ya viti viwili, na kuubeba kulitaka wanaume wawili. Umerudishwa.

Wa pili ni wa lita tano. Hesabu ya kujua utadumu muda gani ni rahisi: zidisha ujazo wa mtungi kwa shinikizo linaloonyeshwa na saa ya mtungi. Lita 5 mara baa 150 ni lita 750 za gesi. Mgonjwa mahututi anapewa lita 15 kwa dakika kupitia barakoa yenye mfuko, kwa hiyo una dakika 50. Hesabu hiyo tumeiandika kwenye mtungi wenyewe. Saa ikishuka chini ya nusu, unaenda kujazwa.

Valvu ilikuwa ngumu kufunguka. Fundi mmoja mwenye nia njema alishafungua kopo la grisi ili ailainishe, muuguzi akamdaka mkono. Grisi au mafuta yakikutana na oksijeni yenye shinikizo yanaweza kuwaka yenyewe. Hata mwenye mikono yenye vaselini asiguse regyuleta, kifaa cha kurekebisha shinikizo la mtungi. Valvu ilibadilishwa na muuzaji. Spana ya kufungulia sasa imefungwa kwa mnyororo kwenye mtungi, kwa sababu spana za kliniki yetu zina miguu.

14 Juni: Zoezi, umeme ukiwa umezimwa

Mazoezi ya awali tuliyafanya kila kitu kikiwa sawa. Safari hii mwenzangu alishusha swichi kuu bila kutuambia. Msaidizi wa kiti alikuwa "mgonjwa", amekaa wima kama anavyokaa mtu anayesukutua. Akazimia. Nikakanyaga pedali ya kumlaza: kimya. Kiti cha umeme kimebaki wima na mgonjwa wake juu, mashine ya kunyonya mate nayo imekufa. Kwa aliyezimia, kukaa wima ndiko kunakomnyima ubongo damu.

Tulimburuta chini kwa fujo na kumgonga kiwiko cha kweli. Tulipotulia tukapanga: mmoja anapitisha mikono kwapani kutoka nyuma na kushika vifundo vya mikono ya mgonjwa, wa pili anashika miguu, trei ya vyombo inasukumwa kwanza. Tumerudia hadi ikawa jambo la sekunde chache. Shuka nene linakaa nyuma ya kila kiti kwa ajili ya wagonjwa wazito. Kwa mate na damu tumenunua pampu ya mkono.

Umeme uliporudi tukajaribu kushindilia kifua juu ya kiti kilicholazwa. Mgongo wa kiti unanesa. Nusu ya nguvu inapotelea kwenye kiti. Kigoda cha daktari kikiwekwa chini ya mgongo wa kiti, usawa wa kifua, kunesa kunapungua sana. Kifua kiingie sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, 30 kwa pumzi 2. Sakafuni bado ni bora, kama nafasi ipo.

Simu nayo ilikuwa na kasoro zake. Namba ya gari la wagonjwa ilikuwa kwenye simu ya dada wa mapokezi, na simu ina nywila. Sasa namba zimeandikwa ukutani, pamoja na za madereva wawili wa bajaji wa kijiweni jirani waliokubali kuacha abiria tukiwaita. Mlinzi ana kazi yake: kufungua geti na kuzuia pikipiki zisiegeshwe mbele.

12 Julai: Warfarini

Mama aliyewekewa valvu ya bandia Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, alikuja na mzizi wa jino uliooza. Kuna mtu alishamwambia aache warfarini, dawa yake ya kuzuia damu isigande, siku tano kwanza. Alikuwa ameshaacha siku mbili. Tumemrudisha kwenye dawa siku hiyo hiyo baada ya kumpigia daktari wake. Damu ya kwenye fizi tunaiona na tunaifikia kwa kidole. Donge la damu kwenye valvu hatulioni wala hatulifikii.

Utaratibu tulioufuata aliporudi: INR (kipimo cha kasi ya damu kuganda; ikipanda, damu inachelewa kuganda) ndani ya saa 24 kabla ya kung'oa, na isizidi 4. Yake ilikuwa 2.9. Asubuhi, mwanzo wa wiki, ili damu ikisumbua tuwe kazini. Amoksisilini gramu 2 saa moja kabla, ili vijidudu vya mdomoni visishambulie valvu ya bandia. Wenye mzio wa penisilini tulizoea kuwapa klindamaisini, lakini Shirika la Moyo la Marekani liliiondoa kwenye mapendekezo yake mwaka 2021. Azithromaisini miligramu 500 ni mojawapo ya mbadala. Jino moja tu, nyuzi mbili, na shashi iliyolowekwa kwenye asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kutoka damu: ampuli ya miligramu 500 kwenye mililita 5, ikaongezwa mililita 5 za maji safi, ikawa ya 5%. Aling'ata kwa nusu saa, tukimwangalia.

Nusura kazi yote iharibikie mapokezi. Cheti chetu cha dawa kilichochapwa tayari kina metronidazo na diklofenaki kwa kila anayeng'olewa. Metronidazo inapandisha nguvu ya warfarini, INR inaruka siku kadhaa baadaye mgonjwa akiwa Lushoto kwao. Diklofenaki inaongeza kutoka damu. Vyeti hivyo vyote vimechanwa. Dawa zinaandikwa kwa mkono, baada ya kuangalia mfuko wa mgonjwa.

2 Agosti: Kijana aliyezimia

Kijana mwenye miraba minne, ganzi imeingia, akapauka, jasho, akalegea. Msaidizi alishika mfuko wa MZIO MKALI na alikuwa tayari kuvunja ampuli. Nilishika mkono wa kijana: mapigo ya polepole, ngozi baridi, hakuna vipele, hapigi mluzi kifuani. Tulilaza kiti, tukainua miguu, na kabla ya dakika mbili alikuwa anauliza kama jino limeshatoka.

Uharaka wa msaidizi sikuulaumu. Ila kila mfuko sasa una mstari mmoja wa kutazama kabla ya kufungua. Kwenye wa mzio tumeandika: "Mapigo ya kasi, vipele au uvimbe, pumzi inabana au presha imeanguka. Ukilaza na akaamka, si huu."

30 Agosti: Gharama hadi sasa

Kipimo cha presha kilichotupwa 35,000. Cha mkono wa juu na mikanda 130,000. Kipima sukari na vipande 75,000. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni 40,000. Dawa zote za sanduku 68,000. Puto la kumpa hewa asiyepumua na barakoa zake 85,000. Mtungi, regyuleta na kitoroli 690,000, kujaza 25,000. Jumla shilingi 1,148,000. Pampu ya mkono na vipande vya sukari vilivyoharibika sikuviweka humo. Tangazo, simu za miadi na mifuko ya plastiki, ambavyo ndivyo vilivyofanya kazi kubwa zaidi, haviwezi kufika elfu kumi.

Kinachofuata ni betri na inveta ya kiti kimoja, ili pedali iitike hata umeme ukikatika. Fundi bado hajaleta bei. Halafu watoto wa selimundu: tunataka wapewe nafasi za mapema, wanywe maji ya kutosha kabla ya kuja, na kipoza hewa kizimwe wakiwa kitini, kwa kuwa baridi, kiu na woga vyote vinaweza kuamsha maumivu yao. Tumeomba kikao na muuguzi wa kliniki yao, amesema Septemba.